Kwa Remmy Shusha: Blues ya Sinza na Sisi Tunaoandika

Shaaban Robert ana mtaa wake pale mjini, unapita kwenye Makumbusho ya Taifa. Ni heshima kubwa na anaistahili. Lakini mtaa ule ulipewa jina na wakubwa, likaandikwa kwenye kibao. Ukipanda daladala ya Sinza hutasikia abiria akimtaja malenga yeyote. Utasikia: "Kwa Remmy shusha!" Mwanamuziki alikuwa anakaa hapo, watu wakazoea kusema hivyo, makonda wakaitikia, basi. Mtu aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akafariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, leo ni kituo cha basi. Hata Sinza yenyewe ilipohamishwa kutoka Manispaa ya Kinondoni ikaingizwa Ubungo, yeye hakuhama.

Mimi ninayeandika hapa ni mwandishi, au tuseme ninahangaika kuwa mwandishi, na jambo hili linanikera kidogo. Linanikera kwa wivu. Ninyi mnaosoma kurasa hizi mkiwa na daftari lenu la mashairi chini ya godoro mnanielewa. Ni nani kati yetu atakayesababisha abiria aseme "shusha"? Kwa hiyo nimekaa nikamsikiliza upya Remmy Ongala kama mhakiki, si kama mpenzi wa dansi, nione alikuwa na nini ambacho sisi hatuna.

Kwanza nieleze kwa nini nasema blues. Najua mtabisha. Remmy alipiga dansi, gitaa zake zilitoka kwenye rumba ya Kongo, yeye mwenyewe muziki wake aliuita Bongo beat. Blues ni ya Wamarekani weusi wa Mississippi. Sawa. Lakini hebu tuitazame safari yenyewe. Muddy Waters alitoka mashambani Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago, mji wa viwanda, akakuta baa zenye kelele kiasi kwamba gitaa la kawaida halisikiki, akashika la umeme. Walikuwa wanamsikiliza watu kama yeye, waliotoka shamba juzi, mshahara haujatosha, mke kabaki kijijini. Sasa weka Kindu mahali pa Mississippi. Remmy, yatima, alipita kwenye bendi huko Kongo na Uganda, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, iliyokuwa ya mjomba wake. Makassy walipohamia Nairobi yeye alibaki, akaingia Matimila. Akawaimbia watu waliotoka Tabora, Lindi, Songea, Kigoma, wanaokaa chumba kimoja Mwananyamala, Manzese, Tandika, mshahara haujatosha, mke kabaki kijijini. Alichowaimbia ni kifo, njaa ya mapenzi, umaskini, na mtu asiye na ndugu mjini. Kama hiyo si blues, basi ni binamu yake wa damu.

Yeye mwenyewe ana wimbo unaoitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Hilo jina tu ni insha nzima. Ali Farka Touré wa Niafunké kule Mali alikuwa akisema wazi kwamba mizizi ya blues iko kwao, na mwaka 1994 alipotoa Talking Timbuktu na Mmarekani Ry Cooder dunia ikaanza kumwamini. Hapa kwetu Leo Mkanyia, mtoto wa mpiga gitaa wa dansi, ameiita bendi yake Swahili Blues na hakuna aliyeshangaa.

Kuna jambo la ufundi hapa ambalo nadhani waandishi chipukizi tunalidharau. Blues ya kawaida ina mistari mitatu: wa kwanza unaimbwa, wa pili ni ule ule unarudiwa, wa tatu unajibu. Ukiuandika kwenye karatasi unaonekana mtupu. Mwalimu wa fasihi atakuambia mshairi kaishiwa maneno. Lakini kaa ndani ya baa. Mstari wa kwanza umekupita kwa sababu mhudumu alikuwa anakuuliza unakunywa nini. Wa pili umeudaka. Sasa unasubiri jibu, na ile kusubiri ndiyo sanaa yenyewe. Dansi letu lina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Mwimbaji anatoa kisa polepole, waitikiaji wanarudia, gitaa la solo linapita katikati kama mtu anayetikisa kichwa kwa masikitiko, halafu ndipo vyombo vinachanganya na watu wanainuka. Kisa kwanza, jasho baadaye. Mtu anacheza msiba alioambiwa dakika tano zilizopita.

Miaka ya sabini wakubwa wetu waligombana sana kuhusu ushairi. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, wanamapokeo wakawaka, magazeti yakajaa majibizano. Ulikuwa ugomvi mzuri, na sisi tunaoandika huru leo tunakula matunda yake. Ila nikiusoma sasa naona pande zote mbili zilikuwa zinatazama karatasi. Huku Kinondoni na Temeke, jioni hiyo hiyo, watu wengi kuliko wasomaji wote wa Kichomi walikuwa wanalipa kiingilio kusikiliza beti. Walilipa! Sisi tunawabembeleza watu waje bure, na soda tunawapa.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Mwananyamala mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiingilio cha dansi sikuwa nacho na umri sikuwa nao, kwa hiyo muziki wa bendi niliujua kwa nyuma ya ukuta, pamoja na wenzangu, tukiwa tumekaa juu ya matofali. Faida ya ukuta ni kwamba huoni kitu. Huoni suti, huoni rasta, huoni mama aliyependeza anayekwenda kumtunza mwimbaji noti kwenye paji la uso. Unabaki na maneno. Ndiyo maana mpaka leo nyimbo nyingi za wakati ule nazijua kama hadithi. Tulikuwa tunabishana njiani kurudi nyumbani: yule mwanamke wa kwenye wimbo alikosea au alionewa? Sijawahi kusikia watoto wakibishana hivyo kuhusu kitabu cha kiada.

Sasa nije kwenye Remmy msafiri, maana hapa ndipo penye utata.

Mwaka 1988 WOMAD walitoa Nalilia Mwana, nyimbo zilizokuwa zimerekodiwa huku huku nyumbani, na Remmy na Super Matimila wakaanza kwenda Ulaya kwenye matamasha. Mwaka 1989 ikaja Songs for the Poor Man, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yenye studio kijijini Box, Uingereza. Mwaka 1992 ikafuata Mambo. Angalia kichekesho: nyimbo za mtu maskini zilikuwa kwenye diski ambayo mtu maskini wa Temeke hana chombo cha kuichezea, achilia mbali bei yake. Yeye alizipata kwenye kaseti iliyonakiliwa Kariakoo, iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala, gitaa limekuwa kama liko ndani ya pipa. Na bado aliimba nayo yote.

Simlaumu Remmy kwa kusafiri. Msanii wa hapa wakati ule alikuwa hana kiwanda cha sahani nchini, kurekodi ni Radio Tanzania, na vyombo mara nyingi si vyake. Matimila yenyewe ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Fikiria wewe mwandishi unaazimwa kalamu, na kitabu chako kinaitwa kwa jina la mwenye kalamu. Mtu wa namna hiyo akiitwa Ulaya aende, tena aende mbio.

Ninachohakiki ni kilichotokea kwenye nyimbo. Songs for the Poor Man ni kazi safi. "Sauti ya Mnyonge", "Kipenda Roho", "Karola": sauti imesafishwa, magitaa yanasikika moja moja, lakini mwimbaji bado anazungumza na mtu wa kwetu. Ukifumba macho unamwona anayeambiwa. Kwenye Mambo kuna nyimbo zenye majina ya Kiingereza, "No Money No Life", "One World", na Kiingereza chenyewe kinaimbwa. Nimezisikiliza mara nyingi nikijaribu kuzipenda. Sipendi. Si kwamba Kiingereza ni dhambi. Ni kwamba Remmy wa Kiswahili anakuwa na watu wengi ndani yake, mlevi, mjane, mhubiri, mchekeshaji, na wote wanasema kwa zamu. Remmy wa Kiingereza anakuwa mtu mmoja anayetoa salamu za heri kwa dunia nzima. Ukimwambia kila mtu, hakuna anayegeuka. Linganisha na "Kifo", ambamo mauti yanalalamikiwa kama jirani asiye na huruma, asiyebagua mlango wa kubisha. Hapo hakuna dunia nzima. Ni mwombolezaji mmoja na mgomvi wake.

Hili linanigusa kwa sababu zangu. Mhariri mmoja wa nje aliwahi kutaka hadithi yangu fupi, akaomba nieleze ndani ya hadithi daladala ni nini, uswazi ni nini, na kwa nini msiba una ratiba ya michango. Nikiandika "daladala, yaani basi dogo la abiria", ni nani anayesimuliwa hapo? Hakuna mtu wa Kinondoni anayemwelezea mwenzake daladala ni nini, labda anamtania. Sentensi inakuwa imegeuza shingo, inamtazama mtu aliyekaa mbali nyuma ya ukumbi. Niliwaza sana, maana hela ilikuwepo na mimi kodi ya chumba ninadaiwa kama wengine. Hadithi ile bado iko kwangu, haijachapwa. Sijui nitafanya nini nayo, lakini kusikiliza Mambo na Nalilia Mwana kwa kufuatanisha kumenisaidia kuelewa ninachobishania.

Kumbe kuna Kiswahili na Kiswahili, na hapa Remmy anatuchanganya zaidi. Kile chake hakikuwa cha BAKITA. Kilikuwa cha Kindu, Kiswahili cha Maniema, kimepita Uganda na kambi za bendi ndipo kikafika Sinza. Kwenye ile ile Mambo kuna wimbo umeandikwa "Inchi Yetu". Mwalimu wangu wa darasa la sita angepiga mstari mwekundu: ni nchi, siyo inchi! Lakini Mkongo ndivyo anavyotamka, na msikilizaji wa Dar es Salaam alikuwa anajua anayesema ni mgeni aliyekuja kukaa, aliyepewa uraia, anayesema "yetu" kwa mdomo wake mwenyewe wa Kikongo. Ukiisahihisha i ile unafuta nusu ya maana. Basi tuulizane, sisi ambao tunaogopa kuandika "ntakuja" na "hamna noma" kwenye mazungumzo ya wahusika wetu kwa sababu kuna mzee wa sanifu anatuvizia. Najua kuna mahali pa sanifu, nami hapa najitahidi kuitumia. Lakini mhusika wa Tandale anayeongea kama taarifa ya habari, huyo ni maiti.

Mfano wa mwisho wa ufundi wake, na kwangu mimi ndio mkubwa, ni "Mambo kwa Soksi". UKIMWI uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini kule Kagera mwaka 1983. Ulipofika miaka ya tisini kila nyumba ya mjini ilikuwa imezika, na hakuna aliyekuwa analitaja jina. Alikufa kwa "homa", alikufa kwa "kifua". Vijana walikuwa wanafanya mzaha kwa hofu: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Mabango ya serikali yalikuwa yanatisha, maneno ya kidaktari. Remmy, ambaye watu walimwita Dokta bila kumdai cheti, alichukua neno la kabatini, soksi, akalifanya kondomu. Neno ambalo mtoto analijua, ambalo mama mkwe anaweza kulisikia bila kufunika uso, ambalo kijana anaweza kulitamka dukani. Radio Tanzania walikataa kuupiga. Wimbo ukaenda kwa miguu: ukumbi, kaseti, baa, kilabu, mdomo. Mimi niliujua kabla sijajua soksi yenyewe ni kitu gani, ya pili hiyo.

Sitiari ile ni ya kiwango gani? Nathubutu kusema inapita tamathali nyingi tunazosifiana kwenye warsha zetu. Sisi tukitafuta sitiari tunakimbilia mwezi, bahari, ndege aliyevunjika bawa. Yeye alitazama miguu ya watu. Na ilikuwa na kazi ya kufanya, hiyo ndiyo tofauti. Mtu akiielewa vizuri huenda asife.

Msidhani namtengeneza mtakatifu. Zipo nyimbo zake zilizochakaa. "Mrema" uliimbwa wakati Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kipenzi cha wananchi. Mwaka 1995 Mrema akaihama CCM, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akashindwa, siasa zikampeleka huku na huku mpaka akafariki mwaka 2022. Wimbo umebaki umeshika mkono wa mtu ambaye hayupo tena mahali pale. Ndivyo zinavyoharibika sifa za wakubwa, hata akiimba bingwa, na nadhani washairi wetu wa sherehe za kitaifa wangeusikiliza huo kabla ya kukubali kazi nyingine. Na wanawake katika dansi lote la zama zile, si la Remmy tu, wanalaumiwa kuliko wanavyosikilizwa. Ukutani kule hatukuliona hilo, dada zetu nadhani waliliona.

Halafu kuna mwisho wake. Baada ya kuugua, Remmy aliacha dansi, akakata rasta, akaingia kwenye muziki wa Injili. Mashabiki wengi walinuna. Wengine walisema Dokta kafa kabla ya kufa. Mimi sioni ajabu, na hapa ile hoja yangu ya blues inanisaidia. Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa nyimbo za blues zenye matusi ya chinichini, akijiita Georgia Tom, kisha ndiye akawa baba wa Injili ya Wamarekani weusi. Robert Wilkins aliacha blues akawa mchungaji na gitaa akaendelea nalo. Mtu aliyetumia ujana wote akiimba juu ya siku ya kufa, siku ikikaribia kweli, mnataka aende wapi? Baa na kanisa pale Sinza vimetenganishwa na ukuta wa tofali sita tu. Nimesikiliza nyimbo zake za mwisho. Kwa sikio langu ubunifu umepungua, kisa kimekuwa kimoja na jibu linajulikana kabla ya mstari wa kwanza. Lakini sauti ni ile ile ya kumsemesha mtu mmoja.

Leo kwenye baa nyingi za Kinondoni bendi zimekwisha, kuna spika na kijana mwenye kompyuta. Anayetaka kusikia watu wa uswazi wakisimuliwa maisha yao kwa lugha yao aende Manzese au Tandale akasikilize singeli, avumilie kasi, asikilize maneno. Wakosoaji wa singeli wanasema ni kelele na lugha chafu. Ndivyo ilivyosemwa kuhusu soksi.

Pendekezo langu kwa wenzangu wa jarida hili ni dogo. Usomaji wetu ujao wa hadithi tusiufanye kwenye ule ukumbi wa mjini wenye kiyoyozi, ambako tunasomeana wenyewe kwa wenyewe na kupigiana makofi ya adabu. Tuombe baa moja Sinza, Jumapili saa kumi jioni, kabla mpira haujaanza kwenye runinga. Kila mtu dakika tano. Hakuna kueleza hadithi inahusu nini. Mhudumu aendelee kuhudumia, chupa zigongane, na anayetaka kuzungumza na mwenzake azungumze. Tuone mstari wa nani utamfanya mtu mmoja pale nyuma aweke glasi chini na kugeuka. Mimi nitakuja na ile hadithi ya daladala, bila maelezo. Anayebisha alete hoja yake, kurasa zipo.